Moduli Haikupotea, Ilikuwa Nyumba ya Pili

Najua nimepotea muda mrefu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha mambo ya kompyuta nikaenda kuuza mahamri. Bado nipo, tena hapa hapa Mishomoroni. Leo nataka kuandika juu ya kosa ambalo kila mwandishi wa programu amekutana nalo: unaendesha programu iliyokuwa ikifanya kazi jana, na leo inakwambia moduli fulani haipo. Lakini sitaandika kama mwalimu, kwa sababu katika kisa hiki mwenye makosa alikuwa mimi, na aliyetaka kuumia kwa makosa yangu alikuwa mtu mwingine.

Kuna saiba moja karibu na ninapokaa. Si kubwa: kompyuta tano, printa moja, mashine ya fotokopi, na kijana mmoja anayeiangalia kutoka asubuhi mpaka usiku. Kompyuta moja ina Ubuntu 22.04, niliiweka mimi mwenyewe, na ndani yake kuna programu ndogo niliyowaandikia akina mama wa chama kimoja cha mtaani. Wako 34. Kila wiki wanaweka pesa, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Zamani hesabu zilikuwa kwenye daftari, na kila mgao ulikuwa na ugomvi. Nikawaandikia kitu cha Python kinachosoma faili la Excel, kinapiga hesabu ya kila mama, kisha kinatoa karatasi za kuchapishwa. Mama mhazini anakuja mara moja kwa mwezi, anabofya picha moja kwenye skrini, anangoja, anachapisha, anaenda zake. Mistari kama 200 tu, lakini mtaani nilikuwa naitwa profesa.

Haya. Jumamosi tarehe 30 Novemba 2024, baada ya Magharibi, simu ikalia. Mama mhazini.

"Mwanangu, hii kompyuta yako imegoma. Nabofya haisemi kitu. Na kesho asubuhi watu wanakuja kuchukua pesa zao."

Nikavaa viatu nikaenda. Kweli, ukibofya ile picha, kishale kinazunguka sekunde mbili kisha kimya. Nikajaribu kufungua teminali nione ujumbe wa kosa. Teminali nayo haifunguki! Kishale kinazunguka, kimya. Hapo nikahisi jasho, na si la joto la Mombasa.

Nikamgeukia kijana. "Umefanya nini kwenye mashine hii?"

"Wallahi sijagusa kitu, ami. Mimi hii naitumia kuchapisha tu."

Sikumwamini. Nani mwingine anakaa hapa kutwa? Nikampigia simu mwenye saiba, nikamwambia kijana wake amechezea mashine na hesabu za chama zimekwama. Mwenye saiba akaomba aongee naye. Sikusikia yaliyosemwa, lakini kijana aliporudisha simu uso ulikuwa umebadilika. Akasema ameambiwa Jumatatu asije. Mimi nikaendelea na kazi. Naandika hili nikiona haya.

Sasa tuje kwenye ufundi. Teminali ikikataa kufunguka kwenye Linux usikate tamaa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini nyeusi inayokuuliza jina na neno la siri. Hiyo haitegemei madirisha wala picha. Nikaingia, nikaendesha programu kwa mkono:

python3 hesabu.py
ModuleNotFoundError: No module named 'openpyxl'

Openpyxl ndiyo moduli inayosoma mafaili ya Excel. Niliiweka mwenyewe nilipoandika programu. Nikasema, basi imefutwa, niirudishe. Nikaandika pip3 install openpyxl. Jibu:

ModuleNotFoundError: No module named 'distutils'

Jamani! Nimekuja na tatizo moja, sasa ni mawili. Hata chombo cha kuwekea moduli kinadai kimepotelewa na moduli. Hapa ndipo wengi huharibu zaidi. Mtu huanza kunakili amri za kila aina, anafuta Python yote, anaiweka upya, na mashine inakufa kabisa. Kwenye Ubuntu ukifuta python3 unaondoka na nusu ya nyumba, kwa sababu mfumo wenyewe unaitegemea. Hata ile teminali ya kawaida ya GNOME kwenye Ubuntu huanzishwa na hati fupi ya Python. Kumbe ndiyo maana ilikuwa haifunguki. Dalili zote tatu zilikuwa za ugonjwa mmoja.

Nikaacha kuandika amri. Nikaomba maji ya kunywa, nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ni Python gani inayozungumza nami?

python3 --version
Python 3.12

Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 ikiwa na Python 3.10. Hiyo 3.12 ilitoka Oktoba 2023, haiwezi kuwa ya asili kwenye mashine ile. Tena toleo la 3.12 ndilo lililoondoa distutils, ambayo pip ya zamani iliyokuja na Ubuntu ile ilikuwa ikiitegemea. Basi nikatafuta openpyxl kwenye diski nzima:

find / -type d -name openpyxl 2>/dev/null
/usr/local/lib/python3.10/dist-packages/openpyxl

Hiyo hapo! Haikufutwa, haikuharibika, imekaa ilipokaa siku zote.

Wacha nieleze kwa wale wasiojua. Ukiandika import, Python haitafuti kompyuta nzima. Ina orodha fupi ya mahali pa kutazama, inaitwa sys.path, na kila toleo la Python lina orodha yake. Chukua mfano wa mgeni aliyeelekezwa kwa fulani Mishomoroni, akashukia Mtopanga. Anabisha hodi kwenye nyumba inayofanana na aliyoelezwa, anajibiwa hakai hapa mtu huyo. Jibu ni la kweli kabisa. Mwenye nyumba hasemi fulani amekufa, anasema tu hapa hayupo. Python 3.12 ilibisha hodi kwenye nyumba zake ikajibiwa hivyo, wakati openpyxl imekaa kwenye nyumba ya 3.10 inakunywa chai.

Kwa hiyo ukiona ujumbe huo, kabla ya kuweka moduli upya uliza kwanza inatafutwa wapi. Maneno haya yatakuonyesha:

python3 -c "import sys; print(sys.executable); print(sys.path)"

Nikajaribu kuita Python ya zamani kwa jina lake kamili, /usr/bin/python3.10 hesabu.py. Programu ikaenda. Karatasi 34 zikaanza kutoka kwenye printa. Mama mhazini akapiga vigelegele peke yake mle ndani, saa nne usiku.

Ningeweza kuishia hapo, nirudi nyumbani nikalale. Lakini lilibaki swali: nani aliweka 3.12? Nilitaka ushahidi wa kumwonyesha yule kijana. Ubuntu huweka kumbukumbu ya kila kifurushi kinachowekwa, kwenye faili la /var/log/apt/history.log. Nikalifungua:

Start-Date: 2024-11-14 19:42:10
Commandline: apt install python3.12 python3.12-venv
Requested-By: fundi (1001)

Fundi ni jina langu la kuingilia kwenye mashine ile. Kijana hana hata neno la siri la usimamizi.

Nikakumbuka yote. Alhamisi ile stima ilikuwa imepotea nyumbani, nikaenda saiba kwa sababu kuna jenereta. Nilikuwa na kazi ya mteja iliyotaka 3.12. Nikaiweka, halafu, nikiwa na haraka, nikatumia update-alternatives kuifanya 3.12 ndiyo inayoitika kwa jina python3. Niliona mahali wanashauri hivyo, nikafuata bila kufikiri. Teminali niliyokuwa nayo ilikuwa tayari wazi, ikaendelea kufanya kazi, sikuona dalili yoyote. Nikamaliza kazi yangu nikaenda zangu. Kwa wiki mbili hakuna aliyefungua teminali nyingine wala hesabu za chama, mpaka mwisho wa mwezi.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni anafunga madirisha. Nikamwita aje asome mwenyewe. Kiingereza anakijua, hakuhitaji tafsiri. Akasoma, akaninyamazia. Nikampigia mwenye saiba pale pale, mbele yake na mbele ya mama mhazini, nikasema kosa ni langu na kijana hakugusa kitu. Mwenye saiba alicheka. Kijana hakucheka. Nikamwomba radhi. Akasema, "Haya ami, yamekwisha," kwa sauti ambayo ulijua bado hayajesha.

Mama mhazini ndiye aliyesema neno lililoniingia. Alikuwa anapanga karatasi zake: "Sisi tulikuwa tunagombana kwa daftari, ukatuambia kompyuta haipendelei mtu. Kumbe wewe hukuiuliza."

Basi nikarekebisha. Kwa walio na tatizo kama hili, nilifanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. sudo update-alternatives --remove-all python3
2. sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3
3. python3 --version, kuhakikisha imerudi 3.10.
4. Nikarudi kwenye madirisha nikafungua teminali. Ikafunguka.

Usisimame katikati ya hatua ya 1 na ya 2, maana hapo mashine haina python3 kabisa. Na kama Ubuntu yako ni ya toleo jingine, angalia kwanza toleo lake la asili ni lipi. Usinakili 3.10 yangu kama kasuku.

Halafu nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Programu ya chama nikaipa nyumba yake yenyewe:

python3 -m venv /opt/chama
/opt/chama/bin/pip install openpyxl

(Folda ya /opt/chama nilikuwa nimeshaitengeneza kwa sudo na kuimiliki. Kama venv inagoma, weka kwanza kifurushi cha python3-venv.) Ile picha ya kubofya sasa inaita /opt/chama/bin/python, si python3 ya mtaani. Mtu akiweka moduli mpya au toleo jingine pembeni, chama hakina habari. Hekima hii imeshakuwa sheria kwenye Linux nyingi. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za mwaka 2023, ukijaribu kuweka moduli kwa pip moja kwa moja kwenye mfumo unakataliwa kwa ujumbe wa externally-managed-environment. Wengi wanaichukia na wanailazimisha kwa --break-system-packages. Lakini jina lenyewe si linakwambia utakachovunja? Tengeneza venv, ni dakika moja.

Jambo la mwisho, kwa sisi wa bando. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo pip haikusaidii. Tangu kisa hiki nina flashi yenye moduli zote ninazozitegemea. Ukiwa na mtandao:

pip download -d /media/flashi openpyxl

Ukiwa huna:

pip install --no-index --find-links /media/flashi openpyxl

Amri ya kwanza inaleta pia et_xmlfile, ambayo openpyxl inaitegemea. Zote mbili pamoja hazifiki hata megabaiti moja. Hakikisha unapakua kwa toleo lile lile la Python utakalotumia, la sivyo utarudi kubisha hodi Mtopanga. Wale wa zamani mtakumbuka Ubuntu ilivyokuwa ikituma CD bure kwa posta, kuanzia 2005 mpaka 2011. Tulikuwa tunazitunza kama dhahabu. Tabia ile haikuwa ya kizamani, tuliiacha mapema mno.

Mgao ulifanyika Jumapili kama ulivyopangwa, na hakuna aliyelia. Yule kijana alinipita bila salamu karibu wiki mbili. Kisha siku moja akaniuliza lile faili la kumbukumbu niliifungua vipi. Nikamkalisha nikamwonyesha: less /var/log/apt/history.log, kisha /var/log/alternatives.log ambako mabadiliko ya update-alternatives huandikwa. Sasa anajifunza Python jioni, kwenye venv yake mwenyewe. Nikifika saiba kushika ile mashine, yeye huja kusimama nyuma ya kiti changu mpaka nimalize. Simkatazi.

Haya, kwa leo niishie hapo. Wewe ulishawahi kumlaumu mtu kwa kosa la mashine halafu ukajikuta ni wewe? Tuambiane, tusione haya. Tukijaliwa, wakati mwingine nitaandika juu ya kutengeneza nakala rudufu za lile faili la Excel, maana mama mhazini ameshaniuliza itakuwaje diski ikifa, na nilikuwa sina jibu.