Maji Hayamalizi Joto, Hulibeba

Ndugu mtahiniwa, huenda umekwisha kukariri kwamba kilo moja ya maji huhitaji juli 4,200 ili jotoridi lake lipande kwa nyuzijoto moja. Umeandika namba hiyo daftarini kwa Kiingereza, na unaomba swali lake litoke. Nataka nikueleze jinsi namba hiyohiyo ilivyoiokoa kompyuta inayonilipia kodi ya nyumba hapa Shinyanga.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kwaya. Chumba changu kina paa la bati, na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, hewa ya ndani saa nane mchana hufika nyuzijoto 34. Kompyuta ikipewa kazi nzito, prosesa yake hutumia wati 140 hivi, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Nilipuliza vumbi, nikabadilisha pasta inayopakwa juu ya prosesa, nikaacha ubavu wa kasha wazi. Ilisaidia mwezi mmoja tu. Prosesa ikarudi kwenye nyuzijoto 95, ikawa inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Video iliyozoea kukamilika kwa saa nne ikachukua saa saba. Wateja hawasubiri, walianza kwenda kwingine.

Wazo la kutumia maji sikulitoa mbali. Katika vijiji vyetu, ziko mashine za kusaga ambazo injini yake ya dizeli imeunganishwa kwa mabomba mawili na pipa la maji. Maji yaliyopata joto huwa mepesi, hupanda na kuingia juu ya pipa. Yaliyopoa hushuka na kurudi kwenye injini kupitia bomba la chini. Hakuna pampu. Kule Nyarugusu, mkoani Geita, kaka yangu anasaga mawe ya dhahabu kwa karasha ambalo injini yake ina bakuli la maji juu. Maji huchemka, mvuke huondoka na joto, na kijana wa zamu huongeza maji kwa jagi. Hata wataalamu wakubwa walipita njia hii: mwaka 1985 kampuni ya Cray ya Marekani ilitoa kompyuta ya Cray-2, ambayo saketi zake zilizamishwa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme.

Mama aliposikia mpango wangu aliuliza, "Mwanangu, tangu lini maji na umeme vikalala kitanda kimoja?" Swali lake lilikuwa la haki. Tone moja mahali pabaya lingeua mashine pamoja na video za watu zilizomo. Nilimjibu kwa vitendo, na majibu yote matatu yamo katika masomo yako.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye Kemia. Kibao kinachokaa juu ya prosesa, chenye mifereji ya maji ndani, ni cha shaba. Nilipokwenda kwa fundi rejeta, alinitolea rejeta ndogo ya alumini, nyepesi na ya bei nafuu.

"Mzee, naomba ile ya shaba, ya hita ya gari," nikamwambia.

"Hiyo ni nzito na ghali, kijana wangu. Kwa nini ujisumbue?"

Nilimweleza kwamba alumini na shaba zikikutana ndani ya maji yaleyale huwa kama betri: alumini, iliyo juu zaidi katika mfuatano wa utendaji wa metali, huliwa polepole hadi itoboke. Akacheka, akanionyesha rejeta zilizotoboka alizokuwa amezirundika nyuma ya banda.

Jibu la pili ni aina ya maji. Bomba letu huleta maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Ni mazuri kwa kunywa, lakini yana chumvi zilizoyeyuka, nazo hupitisha umeme na kuacha ukoko ndani ya mifereji. Nilinunua maji yaliyokenekwa, ambayo watu wa gereji huyaita maji ya betri. Angalia chupa vizuri, usije ukachukua asidi.

Jibu la tatu ni jaribio. Niliunganisha pampu, mipira, kibao na rejeta nje ya kompyuta, nikaweka karatasi nyeupe chini ya kila kiungo, nikawasha pampu peke yake kwa saa 24. Karatasi zilibaki kavu. Ndipo nikafunga vifaa ndani ya kasha.

Sasa twende kwenye namba. Mfumo wangu una lita moja ya maji, yaani kilo moja. Wati 140 ni juli 140 kila sekunde, sawa na juli 8,400 kila dakika. Gawanya kwa 4,200: maji hupanda nyuzijoto 2 kila dakika. Yakianza na nyuzijoto 34, yatafika 90 baada ya dakika 28 tu, ikiwa joto halina pa kutokea. Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza. Hudhani maji humaliza joto. Maji hulibeba tu kutoka mahali padogo na kulipeleka kwenye rejeta yenye eneo kubwa, na feni hulikabidhi kwa hewa. Kwa hiyo maji ya mfumo huu hayawezi kupoa kupita hewa ya chumba.

Siku ya kwanza ya kazi, saa nane mchana, hewa ilikuwa nyuzijoto 34, maji 45, na prosesa 71. Video ikarudi kwenye saa nne zake. Mama alikuja, akagusa rejeta, akasema, "Kumbe joto limehamia huku." Alikuwa ameeleza somo zima kwa sentensi moja.

Wewe usijaribu kazi hii bila mwalimu au fundi, kwa sababu umeme wa nyumbani ni volti 230. Ila kalamu haina hatari, hivyo ichukue. Pipa la mashine ya kusaga lina lita 200 za maji yenye nyuzijoto 30, na injini huyapa joto la wati 7,000. Yatafika nyuzijoto 90 baada ya muda gani, ikiwa hakuna joto linalopotea? Kisha eleza kwa nini mashine hiyo husaga kutwa nzima na pipa halichemki. Ukijibu sehemu ya pili kwa maneno yako mwenyewe, umeielewa mada.