Kompyuta mbili, kioo kimoja: kazi ya studio yetu Bendera

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliokimbia vijiji mnaoleta matangazo studio, wengi mmeuliza kwa nini mwandishi anaacha jina katikati, anabonyeza vitufe viwili, kioo kinabadilika, kisha anarudi kwenye jina lile. Kuna wanaodhani tunatazama filamu. Hapana, acheni niwaeleze.

Mezani pana kompyuta mbili za aina tofauti. Moja ni kubwa, ya zamani, ya Windows. Humo tunaandika habari na kukata sauti kwa programu ya Audacity. Nyingine ni Raspberry Pi, inaenea kiganjani, inatumia Linux, nayo ndiyo inapiga muziki na matangazo hewani. Lakini kioo ni kimoja, mausi moja, na kibodi moja, ile mnayoiita klavie.

Sababu ni umeme. Maji ya Kiyimbi yako hapa kwetu, umeme wake unafika Kalemie, ila meza yetu inaishi kwa pano ya jua na batri. Kioo bapa kinakula wati kama 20. Vikiwaka viwili tangu mchana, batri inachoka jioni, saa ileile ya matangazo ya watu waliopotezana, na mama aliyekaa kando ya redio kambini anangoja bure.

Kuna kisanduku kinachoitwa KVM, kinachopokea waya za kompyuta zote na kuziunganisha na kioo, kibodi na mausi ya pamoja. Ni kizuri mashine zikifanana. Zetu hazifanani: ya zamani inatoa picha kwa VGA, ile ndogo kwa HDMI. Waya mtupu hauwezi kugeuza moja kuwa nyingine. Panatakiwa kigeuzi, na kigeuzi kina upande. Kile cha kutoka HDMI kwenda VGA hakifanyi kazi kinyume. Kwa hiyo ukienda kununua Kalemie, mwambie muuzaji kwanza picha inatoka wapi na inaenda wapi, la sivyo utarudi na pambo.

Sisi tulipita njia fupi. Kioo chetu kina matundu yote mawili, kila kompyuta ina waya wake, na tunachagua picha kwa kitufe cha kioo chenyewe. Kisanduku tulichonunua ni cha USB tu, cha kuhamisha kibodi na mausi. Ndiyo maana ya vitufe viwili. Sauti haipiti humo kabisa: inatoka kwenye kompyuta ndogo moja kwa moja hadi mikseri, na wimbo haukatiki tukihama.

Halafu kuna habari ya herufi. Kibodi yetu ni AZERTY ya Kifaransa, lakini kompyuta ndiyo inaamua kitufe kitoe herufi gani. Linux ikiwa imepangwa kwa QWERTY, andika Amani uone: inatoka Q;qni. Kwa bei ya mihogo tungecheka tu. Kwa jina la mtoto anayetafutwa na baba yake, nani atacheka? Basi kompyuta zote mbili zimepangwa kwa Kifaransa.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ule ufito mrefu wa kuacha nafasi. Ukidhani unaandika habari, kumbe kibodi iko upande wa kompyuta inayorusha, ufito unasimamisha muziki na Bendera nzima inabaki kimya. Dawa yake haikutugharimu hata faranga moja: nyuma ya kioo cha kompyuta ya hewani tumeweka rangi nyekundu, ya kuandikia kijani. Kwenye nyekundu hakuna anayegusa kibodi bila kazi.

Asubuhi kioo kinawashwa kwanza, ndipo Raspberry Pi. Ikiamka isione kioo, inaweza kukataa kutoa picha mpaka uizime na kuiwasha tena.

Majina tunayaandika asubuhi, jua likiwa limepanda. Leteni jina kamili la mtoto, la baba na la mama, kijiji mlikotoka na mahali mlipopotezana. Kama mmemwokota mtoto ambaye hajui kijiji chake, muulizeni jina la mto au la soko analokumbuka, tutalisoma hilo.