Mwembe wa Bibi

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya, na kwa miaka yote mitatu sura ya kwanza ilikuwa ile ile: wapagazi wa Kinyamwezi wanatua mizigo chini ya mwembe, pembe za ndovu zinalazwa mchangani, jua la Unyanyembe linachoma. Mwembe huo sikuubuni. Ulikuwa uani kwetu Kipalapala, nyuma ya jiko la bibi.

Kipalapala iko nje kidogo ya mji wa Tabora. Wengi wanaijua kwa seminari yake. Mimi nilianza kujivunia kwetu nilipokuwa darasa la tano, nilipofungua kitabu chakavu nikakuta kwa herufi ndogo kwamba kilichapwa Kipalapala, Tabora. Kumbe vitabu huzaliwa kwetu! Tangu siku hiyo nikasema na mimi nitaandika.

Na habari za miembe ya Tabora nani asiyezijua? Tumeambiwa tangu shule ya msingi kwamba njia ya misafara, toka Bagamoyo hadi Ujiji, iliota miembe kwa sababu wapita njia walikula maembe na kutupa kokwa. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, walikuta Waarabu wamekwisha jenga na biashara imechangamka. Basi mimi nikaamini kwamba mwembe wetu uliwaona wote hao.

Oktoba mwaka jana, usiku, bila hata upepo, tawi nene kama kiuno cha mtu likaanguka hatua mbili toka chumba anacholala bibi. Asubuhi baba mdogo akatoa hukumu: mti ukatwe kabla ya mvua. Mimi nikapinga. Nikasema upunguzwe matawi tu, kwa kuwa ule si mti, ni historia.

"Historia yako, pesa yako," akanijibu.

Pesa nilikuwa nayo, Sh 150,000, niliyoiweka kidogo kidogo ili muswada wangu ukapigwe chapa mjini. Nikameza mate, nikaenda kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa kijana wa rika langu, kaja na chenso nyuma ya bodaboda. Hakushuka hata kwenye kiti. "Elfu sitini. Saa moja kazi imekwisha."

Nikamwuliza mti utaangukia wapi.

"Utaangukia chini."

Nikamshukuru, nikamwambia nitamwita. Jirani yetu aliwahi kumwita fundi wa namna hiyo. Mti ukalalia choo, na fundi akahama mtaa jioni ile ile.

Wa pili alikuwa mzee aliyekula ujana wake katika misitu ya miombo, akipandisha mizinga ya magome juu ya miti na kushusha asali. Alikuja na baiskeli, kamba mbili za katani, shoka na msumeno. "Mwangaluka," akasalimu, kisha akanyamaza. Aliuzunguka mti mara tatu. Akatazama kilele, akatazama mizizi. Akageuza shoka, akawa anagonga shina kwa kisogo chake. Upande wa barabarani mlio ulikuwa mkavu, kama mlango wa mninga. Upande wa jikoni ulilia kama ngoma. Akachomeka kijiti kwenye tundu, kikatoka na uji mweusi.

"Bwana mdogo, kuna mti wa kupunguzwa na kuna mti wa kushushwa," alisema. Akanieleza kwamba kama ugonjwa ungekuwa kwenye tawi tu, angelikata kwanza kidogo kwa chini ili lisianguke na gome la shina, halafu kwa juu, na mwisho angeondoa kisiki chake bila kugusa ule uvimbe wa pale tawi linapoungana na shina, maana hapo ndipo mti hufunga kidonda chake wenyewe. "Lakini huu mwili umekwisha. Ukikata matawi utakuwa unamnyoa maiti."

Alitaka Sh 130,000, na kwanza twende kwa mtendaji tukachukue kibali. Bila kibali haguswi mtu mti.

Nikajitetea. Nikamwambia mwembe huu ni wa enzi za misafara, una zaidi ya miaka mia.

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

Akamgeukia bibi, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua choroko. "Mama, eti mwembe huu ni wa nani?"

"Wangu," akajibu bibi, wala hakuinua kichwa.

Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza, kwamba mwisho wa mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, bibi na babu walitolewa kwenye mji wao wa zamani porini, wakapandishwa lori, wakashushwa hapa. Baba yangu alikuwa mgongoni. Hapakuwa na nyumba. "Hata kivuli cha kuku hakikuwepo," alisema. Alikuwa na maembe mawili ya kule walikotoka. Waliyala siku ile ile, na kokwa moja akaifukia karibu na mafiga.

Nimeishi na bibi tangu nizaliwe. Nimesoma kila nilichopata juu ya Burton, Mirambo na Livingstone, lakini yeye sikuwahi kumwuliza hata swali moja.

Kazi ilichukua siku mbili. Mzee alipanda, akafunga kila tawi kamba kabla ya kulikata, nasi vijana chini tukalishusha polepole, kamba ikiwa imezungushwa kwenye mti wa jirani ili isituponyoke. Alituonya tusijipake utomvu, maana unaunguza ngozi. Shina likabaki peke yake. Upande wa mbali na jiko akalichonga mdomo, kisha akakata kwa nyuma, juu kidogo ya mdomo ule, akabakiza ukanda mwembamba wa mti katikati ufanye kazi ya bawaba. Lilishuka taratibu kama mzee anayekaa kwenye kigoda. Jiko halikupata hata vumbi.

Nikainama kuhesabu miduara ya umri. Katikati palikuwa na shimo. Mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Mzee akacheka.

Bibi hakutazama. Aliporudi jioni nikamfariji kwamba hata ule mwembe wa Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ulikufa zamani, na inayoonyeshwa leo ni watoto wake.

"Huyo Livingstone alikuwa akianika choroko chini yake?" akauliza. Kisha akautazama uwanja mweupe. "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo anahamisha mkeka wake kufuata kivuli cha ukuta.

Muswada haukupigwa chapa. Kwa Sh 20,000 iliyobaki nilinunua madaftari. Nimeanza upya sura ya kwanza: pembe za ndovu zimeondoka, limekuja lori, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na maembe mawili ndani ya kikapu. Juzi nilimsomea bibi. Alisikiliza macho kayafumba, mpaka nikadhani amelala.

"Hakikuwa kikapu," alisema. "Niliyafunga kwenye pindo la kanga. Vikapu walituambia tuviache."

Nikachukua kalamu, nikafuta.