Cape Town: Jikoni kwa sauti zinazotingisha dunia

Mwambie kijana yeyote wa mjini kwamba unakwenda Cape Town, na papo hapo atakutajia Mlima wa Meza, ufukwe wa Camps Bay na mvinyo. Vyote vipo, msomaji wangu, na wala sikulaumu ukivifuata. Ila wiki hii sikupeleki huko. Nakupeleka mtaa wa Rosebank, kwenye chuo ambacho watalii wanakipita bila hata kugeuza shingo, wakati wahitimu wake wanaimba mbele ya wafalme. Sikutanii.

Kufika ni rahisi. Ukiwa katikati ya mji unapanda teksi, lakini usidhani ni teksi yetu hii ya kukodi. Kule Bondeni teksi ni kihiace, daladala mtupu. Konda wake anaitwa gaatjie, na kazi yake ni ileile ya wapiga debe wa Kariakoo: kichwa nje ya dirisha, "Mowbray! Claremont! Wynberg!" mpaka koo likauke. Gari linafuata Main Road, linapita Woodstock na Observatory, mlima ukiwa kulia kwako muda wote. Ukiona jengo la Baxter Theatre, shuka. Chuo kiko jirani hapo.

Kinaitwa South African College of Music. Kilianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1923 kikaingizwa kwenye Chuo Kikuu cha Cape Town. Usitegemee lango la dhahabu. Utakuta wanafunzi wanapita, huyu na fidla mgongoni, yule na chipsi mkononi, kama chuo kingine chochote. Tofauti utaipata kwa masikio. Dirisha hili piano, lile tarumbeta, na la juu kuna dada anarudia mstari mmoja wa Kiitaliano. Mara ya tano, ya sita, ya kumi. Mimi niliyesimama nje nilikuwa nimeshaukariri, yeye bado hajaridhika nao.

Waliopikwa hapo

Basi bwana, hebu tuwataje wachache. Pretty Yende alizaliwa mwaka 1985 na kukulia Piet Retief, mji mdogo wa mkoa wa Mpumalanga. Akiwa na miaka 16 alisikia kwenye televisheni wimbo wa wanawake wawili katika tangazo la shirika la ndege. Hakujua ni kitu gani. Kesho yake akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa hiyo inaitwa opera. Binti aliyekuwa na ndoto ya uhasibu akabadili mwelekeo, akaja kusoma hapa Rosebank, kisha akaenda kunolewa zaidi katika chuo cha La Scala, Milan.

Mwaka 2011 akashinda Operalia, shindano ambalo waimbaji vijana wa opera duniani wanaliota usiku na mchana. Januari 2013 akapanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, kwa mara ya kwanza. Aliitwa kuziba pengo, akaijifunza nafasi ile kwa muda wa kama wiki moja. Alipoingia jukwaani akajikwaa, akaanguka chini. Mwingine angelilia pazia. Yeye akainuka, akaimba, na watu wakamshangilia mpaka basi. Tarehe 6 Mei 2023, ndani ya Westminster Abbey, aliimba peke yake kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu, kavaa gauni la njano, dunia nzima inamtazama.

Pumeza Matshikiza naye alikulia vitongoji vya watu weusi vya hapahapa Cape Town. Chuo kikuu aliingia kusomea ukadiriaji majenzi, akauacha, akavuka kwenda muziki, na baadaye akaongeza masomo London. Mwaka 2014 aliimba kwenye ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Glasgow. Golda Schultz alianzia uandishi wa habari katika chuo kingine kabla ya kuja hapa, kisha akaenda Juilliard, New York. Mwaka 2020, ukumbi wa Royal Albert Hall ukiwa hauna watazamaji kwa sababu ya korona, yeye ndiye aliyeimba usiku wa kufunga tamasha la Proms. Na Levy Sekgapane, kijana wa Kroonstad, alibeba Operalia upande wa wanaume mwaka 2017 huko Astana, Kazakhstan.

Kumbuka, hawa wote wanaimba bila maiki. Okestra nzima iko mbele, ukumbi una maelfu ya watu, na sauti lazima ifike mpaka kiti cha mwisho ghorofa ya juu. Si mchezo.

Siri iko kwenye kwaya

Nilikaa kwenye ngazi na kijana mmoja anayeimba tena, mtoto wa Eastern Cape. Nikamuuliza hizi sauti zinatoka wapi. "Bhuti, sisi tumezaliwa ndani ya kwaya," akaniambia. Mjomba wake ndiye aliyemfundisha, kwa solfa, yaani do re mi zilizoletwa na wamisionari karne ya 19. Piano nyumbani hakuna, ila kwaya ipo kanisani, shuleni, mpaka kazini. Na mashindano ya kwaya ya Sauzi huwa yanatoa vipande vya Mozart na Verdi viimbwe na kila mshindani, kwa hiyo mtoto anakutana na opera kabla hajaona hata picha ya jumba la opera.

"Kwenye solfa nilikuwa mfalme," akasema. "Nilipofika hapa wakaniwekea karatasi ya nota za mistari mitano. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama mtoto wa chekechea."

Hapo ndipo chuo kinapofanya kazi yake. Kipaji anakuja nacho mwenyewe. Anachopewa ni kusoma nota, Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, namna ya kupumua, na mwalimu anayemzuia asiiharibu sauti kwa pupa. Kwa miaka mingi mmoja wa walimu hao alikuwa Virginia Davids, mwimbaji aliyepitia enzi za ubaguzi mwenyewe. Yende amepita mikononi mwake.

Ukumbi uliokuwa na rangi

Ukirudi mjini, shuka upande wa Foreshore ukaone jumba la Artscape. Lilifunguliwa mwaka 1971 kwa jina la Nico Malan, na lilikuwa la weupe peke yao mpaka mwaka 1975. Sasa sikiliza kituko. Mwaka huohuo wa 1971, Joseph Gabriels, tena wa Cape Town, aliimba kwenye Metropolitan Opera ya New York, Msauzi wa kwanza kufika pale. New York ilimfungulia mlango, jumba jipya la mji wake likamfungia, kwa kuwa sheria zilimwita "mtu wa rangi".

Gabriels alitokea Eoan Group, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1933 mtaa wa District Six. Waimbaji wake walikuwa watu wa kazi za kawaida, mazoezi jioni, na mwaka 1956 wakaonyesha opera nzima ya La Traviata pale City Hall. Mwaka 1966 serikali ikautangaza mtaa wao kuwa wa weupe. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Leo kuna makumbusho yake mtaa wa Buitenkant, ndani ya kanisa la zamani. Ingia. Ukitoka, majina niliyokutajia juu utayasikia kwa uzito mwingine.

Bado kuna doa. Nilipomuuliza yule kijana wa kwenye ngazi akimaliza atafanya kazi wapi, alicheka kwanza. "Ujerumani," akasema. "Kule kuna nyumba za opera kama 80. Hapa kwetu?" Akanyoosha vidole vichache tu. Cape Town Opera ipo, inafanya kazi kubwa, lakini haiwezi kuwaajiri wote wanaohitimu. Zamani mwimbaji mweusi aliondoka kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Siku hizi mlango uko wazi, ila ndani viti havitoshi. Mama zao wanawaona kwenye televisheni.

Nilichokuja nacho Dar ni hiki. Kwaya zetu nazo zinafundishwa kwa do re mi, na ukipita makanisani Alhamisi jioni utasikia sauti za kuvunja vioo. Tunachokosa ni ile hatua ya pili: mtu wa kumwambia binti wa soprano kwamba sauti yake inasomewa, ina chuo, ina mitihani, ina mshahara. Bila hiyo, kipaji kinaishia kwenye harusi na Krismasi. Binti wa Piet Retief alikuwa na mwalimu aliyelijua jibu siku alipouliza swali. Wewe unayeimba na unayesoma hapa, uliza. Na wewe mwalimu wa kwaya, uwe na jibu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tukutane kituo kingine.