Hesabu ya Wasioonekana

Ipo hisabati isiyoanzia ubaoni. Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, katika mashamba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hisabati hiyo huanzia mtegoni, kwa panya mmoja aliye hai.

Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hufukua punje za mahindi kabla hazijaota. Mkulima hulazimika kupanda mara ya pili, ilhali mbegu imekwisha na mvua haimngoji. Swali lake ni jepesi kulitamka: mwaka huu watakuwa wangapi? Jibu ni zito, kwani anayeulizwa habari zake amejificha shimoni.

Kuanzia 1994 mitego 300 ilitegwa katika eneo la hekta 3, usiku 3 mfululizo kila mwezi. Anayenaswa hutiwa alama, akaachiwa. Chukulia wametiwa alama 100. Baadaye wananaswa 80, na 40 kati yao wana alama. Basi nusu ya panya wote wana alama, na jumla yao hukisiwa kuwa 200. Walioonwa ni 140 tu. Sitini hawajaonwa na mtu, nao wamehesabiwa.

Lakini panya hufa, huhama, na wengine huuogopa mtego. Hapo ndipo watafiti waliokwisha kupata shahada ya uzamivu huketi miaka na kanuni za uwezekano, wakipima ukweli wa makisio na ukubwa wa shaka yake. Mwaka 1997 Herwig Leirs, Nils Stenseth na wenzao walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa takwimu za Morogoro. Walionesha kuwa idadi ya panya haiongozwi na mvua peke yake, wala na msongamano wao peke yake, bali na yote mawili kwa pamoja.

Mshairi anaijua kazi ya namna hii. Mizani 16 za mshororo humwonesha palipopungua neno kabla hajalipata neno lenyewe.

Uchambuzi huo uliandikwa kwa Kiingereza. Bonde lililouzaa hulimwa na watu wasemao Kiswahili na Kiluguru. Makisio yaliyo sahihi, yakimfikia mkulima baada ya mbegu kufukuliwa, kwake yeye ni sawa na kutokuwapo.