Kijiji cha Harambe na Joto la Florida

Ndugu msomaji, mwezi wa Julai kwetu Njombe ni mwezi wa baridi. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya chai. Watu huvaa makoti na kuota moto jikoni.

Mwaka 2023, katika mwezi huo wa baridi, mimi na Mama tulisafiri kwenda Marekani kumtembelea dada yangu. Dada anaishi na mume wake na watoto wao wawili katika mji wa Tampa, jimbo la Florida. Huko Julai ni mwezi wa joto kali. Tulitoka kwenye baridi tukaingia kwenye joto.

Nitakusimulia siku moja tu ya safari hiyo. Siku hiyo joto nusura limwangushe Mama yetu.

Bustani ya burudani

Karibu na mji wa Orlando, kiasi cha kilomita 110 kutoka Tampa, kuna mahali panapoitwa Walt Disney World. Jina hilo linatokana na Walt Disney, mtu aliyetengeneza sinema za picha za kuchora, kama zile za panya Mickey. Yeye alifariki mwaka 1966. Mahali hapo palifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971.

Zamani sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa vinamasi na vichaka. Leo eneo lake ni kama hekta 10,000. Ndani yake kuna bustani nne kubwa za burudani. Watu hulipa kiingilio, kisha hupanda magari ya michezo, hutazama maonyesho na kutembea kutwa nzima.

Wageni wengi huja na watoto kati ya Juni na Agosti, kwa sababu wakati huo shule zimefungwa. Lakini huo ndio wakati wa joto kubwa na mvua za radi. Kwa hiyo watu huwa wengi wakati uleule ambao jua ni kali.

Dada alituchagulia bustani ya wanyama, iitwayo Animal Kingdom. Ilifunguliwa mwaka 1998. Alisema, "Huko Mama atajiona yuko nyumbani."

Mama anasoma mabango

Tulichelewa kuamka. Tulifika langoni saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha panda. Redio ya gari ilisema joto litafika nyuzi 93 kwa hesabu ya Wamarekani. Kwa hesabu yetu hizo ni nyuzi 34. Mtangazaji aliongeza kwamba kwa sababu ya unyevu, mwili utaona kama nyuzi 40.

Ndani ya bustani hiyo kuna kijiji cha kuigiza kiitwacho Harambe. Kimejengwa kufuata mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Kuta zake zimefanywa zionekane kuukuu, kama kuta za Lamu. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi Wazulu waliotoka Afrika Kusini.

Mama ana umri wa miaka 70. Alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo, mwaka 1975. Tangu siku hiyo hapiti bango bila kulisoma kwa sauti. Alisoma "Mombasa" juu ya duka. Alisoma "Tamu Tamu" juu ya kibanda cha vinywaji, akacheka. Alipofika kwenye jina la kijiji akasimama.

"Harambe," alisoma. "Wamesahau e moja. Mwalimu wetu angewapa kosa."

Wajukuu walicheka sana. Bibi yao hakujua Kiingereza, lakini hapo alikuwa mwalimu wao.

Wanyama walijua

Tulipanga foleni ya kupanda gari la kutazama wanyama. Tulisimama zaidi ya saa moja. Zamu yetu ilipofika, ilikuwa karibu saa sita mchana.

Gari lilikuwa kubwa, lenye paa na lililo wazi ubavuni. Tuliona twiga, tembo na vifaru. Tuliona pia mibuyu mikubwa, lakini ilikuwa ya saruji. Mama aliitazama akasema, "Mbuyu wa saruji hauna ubuyu."

Kiboko alikuwa majini. Simba alikuwa amelala kivulini na hakuinua hata kichwa. Watoto walisikitika. Dereva alieleza kwamba wanyama hutembea zaidi asubuhi, kabla ya joto.

Ndugu msomaji, hapo tungepata somo. Wanyama wale hawakulipa kiingilio, kwa hiyo walipumzika. Sisi tulikuwa tumelipa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu mzima. Tukasema, "Tumelipa, lazima tuone kila kitu." Tukaendelea kutembea juani.

Mkulima gani hulima saa saba mchana katika jua la namna ile? Mkulima huingia shambani alfajiri. Jua likiwa kali, hukaa chini ya mti. Hurudi shambani alasiri. Sisi ni watoto wa wakulima, lakini kiingilio kilitusahaulisha.

Jasho lisilokauka

Kwa nini joto la Florida huchosha kuliko joto la nchi kavu? Florida imezungukwa na bahari pande tatu. Hewa yake ina unyevu mwingi.

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la kiasi cha nyuzi 37. Joto linapozidi, mwili hutoa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi, huondoka na joto, nasi tunapoa. Lakini jasho lisipokauka, hatupoi.

Fikiria nguo uliyofua. Siku ya jua na upepo hukauka upesi. Siku ya ukungu hushinda kwenye kamba na jioni bado mbichi. Jasho nalo ni hivyo hivyo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho hutiririka tu bila kukauka. Mwili hupoteza maji, na joto hubaki ndani.

Tena mwili unahitaji muda wa kuzoea joto, kama wiki moja au mbili. Sisi tulikuwa na siku tatu tu tangu tufike kutoka Njombe.

Mama anatafuta dawa

Ilipofika saa nane mchana, Mama alinyamaza. Hakusoma tena mabango. Dada alimuuliza kama amechoka. Mama akajibu, "Niko sawa, wanangu. Endeleeni."

Hakuwa sawa. Baadaye alitueleza kwamba kichwa kilikuwa kinamwuma na miguu ilikuwa inakaza. Hakutaka kuwaharibia wajukuu sikukuu yao.

Ghafla alinishika mkono. Akaonyesha bango moja kwa kidole. "Mwanangu, nipeleke pale," alisema kwa sauti ndogo. "Pameandikwa Dawa. Hiyo ni zahanati."

Nilitazama. Kweli, paliandikwa "Dawa". Lakini haikuwa zahanati. Ilikuwa baa. Mama alikuwa amesoma vizuri kabisa, ila waliotundika neno lile walikuwa na maana yao. Na pombe si dawa ya joto. Huongeza mkojo, na mwili huzidi kukosa maji.

Hata hivyo, bango lile lilimsaidia. Bila lile, asingesema kwamba anaumwa.

Tulimketisha kwenye kivuli. Uso wake ulikuwa umepauka. Ngozi yake ilikuwa baridi na imelowa jasho. Alisema anaona kizunguzungu na kichefuchefu. Nikamwuliza, "Mama, umekunywa maji lini?" Akasema, "Asubuhi, na chai."

Alikuwa na sababu mbili. Kwanza, aliona chupa ya maji ikiuzwa zaidi ya dola 3. Akaona ni aibu kutugharimu. Pili, hakutaka kutafuta choo mara kwa mara katika nchi ya watu. Isitoshe, yeye hunywa vidonge vya shinikizo la damu, na aina ile huongeza mkojo. Maji yalikuwa yanatoka mwilini bila kurudishwa.

Tena Mama aliogopa gharama bure. Katika bustani zile, vibanda vingi vya chakula hutoa kikombe cha maji ya barafu bila malipo. Unaomba tu. Pia mgeni anaruhusiwa kuingia na chupa yake ya maji. Dada alijua hayo yote. Lakini hakumweleza Mama, wala Mama hakuuliza. Mmoja alinyamaza kwa kusahau, na mwingine kwa heshima.

Kijana mmoja wa kazi alileta maji upesi. Mama akanywa kidogo kidogo. Kisha tukampeleka kwenye chumba cha huduma ya kwanza, kwa maana kila bustani pale inacho. Muuguzi alimlaza na kumwinulia miguu. Alimlegezea nguo, akamwekea vitambaa vya maji baridi shingoni na kwapani. Baada ya nusu saa Mama alianza kuzungumza. Jambo la kwanza aliuliza wajukuu wamekula nini.

Muuguzi alisema tumewahi. Akatuambia Mama asirudi juani siku hiyo.

Tulitoka saa tisa na nusu. Mawingu meusi yalikuwa yamekusanyika, na radi ikaanza, kama ilivyo kawaida ya alasiri za kiangazi huko Florida. Michezo ya nje husimamishwa radi ikiwa karibu. Mtoto mdogo alilia kwa sababu hatukuona kila kitu. Mkubwa alimvua Bibi viatu ndani ya gari, akampepea kwa kofia mpaka Tampa.

Pesa za kiingilio zilipotea nusu. Mama tulirudi naye.

Ukimwona mtu amezidiwa na joto

Dalili za kwanza ni hizi: jasho jingi, uchovu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na misuli kukaza. Fanya hivi:

1. Mpeleke kivulini au ndani ya nyumba yenye hewa baridi.

2. Mlaze, umwinulie miguu. Mlegezee nguo.

3. Mlowanishe kwa maji baridi na kumpepea.

4. Kama ana fahamu na hatapiki, mpe maji anywe kidogo kidogo.

5. Usimwache peke yake. Asipopata nafuu katika saa moja, mpeleke kwa mganga.

Kuna hali iliyo mbaya zaidi. Mtu huanza kusema maneno yasiyoeleweka, hupepesuka, huzimia au hupata degedege. Mwili wake huwa wa moto sana, hufika nyuzi 40 au zaidi. Hali hiyo inaweza kuua. Usimpe maji mdomoni kama hana fahamu, maana yatampalia. Mmwagie maji mwilini, mpepee, na mtafute msaada wa hospitali mara moja.

Yafaa nyumbani pia

Huenda wewe, ndugu msomaji, hutafika Florida. Lakini joto lenye unyevu lipo hapa kwetu. Lipo Dar es Salaam na Tanga mwezi wa Februari. Lipo katika mashamba ya mpunga ya Kilombero. Anayetoka milimani kwenda huko ni mgeni wa joto, kama tulivyokuwa sisi.

Basi tukumbuke haya. Tufanye kazi na matembezi asubuhi na jioni. Mchana tupumzike kivulini. Tuvae kofia na nguo nyepesi zisizobana. Tunywe maji kabla ya kiu, maana mzee huchelewa kusikia kiu, na mtoto akiwa mchezoni husahau. Mwenye kutumia dawa za shinikizo la damu amwulize mganga kabla ya safari.

Na zaidi ya yote, tusimwulize mzee kama amechoka. Atasema yuko sawa. Tumpe maji mkononi, tukae naye kivulini, tungoje mpaka amalize kikombe.

Siku ya kuondoka Tampa, Mama alitia chupa ya maji katika mkoba wake. Juu yake alikuwa amebandika karatasi na kuandika neno moja kwa kalamu. Aliandika "Dawa".