Mboko Haina Mguu

Mvinyo mwekundu unataka glasi yenye tumbo pana. Mweupe unataka tumbo dogo. Ule wenye viputo unataka glasi nyembamba na ndefu, kama filimbi. Hayo niliyajua kabla sijaonja hata tone la mvinyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kibarua cha uweita katika hoteli moja ya Diani. Pale, glasi ikivunjika, bei yake inatoka kwenye malipo yako. Hofu ya kukatwa inafundisha haraka kuliko mhadhara.

Wenzangu walisema ni maringo ya wazungu tu. Mimi nilianza kuuliza sababu, na sababu zipo. Tumbo pana linaupa mvinyo mwekundu hewa ili harufu yake ifunguke, na mdomo uliobanwa kidogo unaikusanya harufu hiyo chini ya pua. Mweupe hunywewa baridi, kwa hivyo unamimina kidogo kidogo kwenye glasi ndogo, unaisha kabla haujapata joto; na kwa jua la Diani hilo si jambo dogo. Glasi nyembamba inaacha uso mdogo juu, viputo visitoroke mapema. Na mguu? Wa kushikia, kiganja kisiupashe mvinyo moto.

Biashara nayo haikulala. Mwaka 1973 kampuni ya Riedel ya Austria ilitoa seti ambayo kila aina ya mvinyo ina glasi yake. Lakini ipo pia glasi moja tu ya kuonjea, ambayo shirika la kimataifa la viwango, ISO, liliiwekea vipimo mwaka 1977, na hiyo inapokea mvinyo wa kila rangi. Kwa hivyo ukiambiwa huwezi kunywa bila kabati zima la glasi, jua kuna mtu anauza kabati.

Chombo kilichofikiriwa vizuri kuliko zote hizo nilikuwa nimekiona tangu utotoni kwa Mjomba, ndani kidogo ya Msambweni. Mjomba ni mgema. Anapanda asubuhi na jioni, akikanyaga vidato alivyochonga kwenye shina la mnazi, anakata karara kwa kotama na kushusha kibuyu. Vidato vyangu mimi vilikuwa vya shule, na viliishia njiani. Vyake vinamfikisha juu kila siku.

Mnazi hausubiri mtu. Unaanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti. Asubuhi ni mtamu, jioni umekolea, ukilala unakuwa mkali, na ukiuacha zaidi ya hapo una siki ya kachumbari. Unatoa gesi muda wote. Ukiuziba kabisa kwenye chupa, kifuniko kinaweza kuruka. Una povu, una vipande vya karara, una nyuki waliokufa walevi.

Sasa iangalie mboko, kile kibuyu kidogo cha kunywea. Mdomo wake mdogo unawanyima nzi nafasi. Ganda lake halipitishi joto upesi. Mrija una kichujio kwenye ncha ya chini, nao unapita chini ya povu. Kila tabia ya kinywaji imejibiwa na chombo. Tena mboko haina mguu. Ukiiweka mezani inalala. Inataka mkono wa jirani.

Maana ya huo mkono wa jirani niliiona kwenye mahari ya dadangu. Wakwe zetu asili yao ni Kaloleni, lakini wamekaa Nairobi miaka mingi, na walikuja na katoni ya mvinyo mwekundu. Mimi nikapewa kazi ya vyombo, si ndiye wa hoteli? Nikakodi glasi 12 Ukunda. Binamu yangu akashauri mnazi nao umiminwe humo, picha zitoke poa. Mjomba hakukasirika. Aliuliza tu, "Kila mtu akiwa na yake, nani atakuwa amekunywa na nani?"

Basi mvinyo ukakaa kwenye glasi, na mnazi ukazunguka kwenye mboko, mkono kwa mkono.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika juu ya Wagiriama kitabu kilichotoka 1972, na katika jina lake aliweka minazi, pombe na mashahidi pamoja. Sisi tuliyaona hayo bila kitabu. Mwaka uliofuata watu wawili wa upande wa mume walianza kusema siku ile walikuja kujitambulisha tu, hapakuwa na mahari, kwa hivyo hakuna ndoa. Dadangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikaa chumba cha nyuma akisikiliza watu wakijadili kama ameolewa.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, malipo ya ishara tu yanatosha. Sawa, lakini hata ishara inataka mtu wa kusema "niliiona." Simu zetu zilikuwa na picha kibao, nyingi za glasi. Aliyemaliza maneno ni mzee wao wenyewe. Alisimama akasema, "Pesa nilitoa kwa mkono huu. Kisha nikapewa mboko na mjomba wa binti, nikanywa, nikampa huyu. Mgeni wa kujitambulisha hanyweshwi vile." Yule aliyeonyeshwa kidole akaitikia. Mtoto sasa ana miaka miwili, na ana jina la ukoo wa baba yake.

Glasi zilizorudi Ukunda zilikuwa 11. Ya 12 niliilipia, kwa sababu Mjomba aliipenda. Hainywei. Kila asubuhi anamimina mnazi kidogo ndani yake, anauinua juani, anatazama rangi na takataka, kisha anaumwaga na kuisuuza. Halafu anaita wateja.